Divani Aliyoikataa Koko

Kosa langu la kwanza kubwa maishani lilikuwa kuchagua divani kwa kuangalia pembe zake. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na wenzangu wa rika langu nawaomba wasinicheke kabla sijamaliza.

Sisi tuliokulia Uvira bendera ilipobadilishwa tunazijua siku zile. Tulicheza mpira wa majani ya migomba mpaka ukafumuka miguuni, tukaoga ziwani huku mmoja wetu akiangalia viboko, tukarudi nyumbani tunanuka ndagala, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa mchangani. Bugali ulitungoja kwenye sahani moja, na aliyeogopa moto alilala na njaa. Vijana wa leo wanapewa kila mmoja sahani yake na bado wananuna. Shuleni, herufi moja ikinipinda nilichana ukurasa mzima. Mwalimu alinichapa kwa kumaliza daftari, si kwa kukosea.

Uhuru ulipokuja, Wazungu wengi walivuka mpaka kwenda Usumbura, wakaacha nyumba zimejaa viti. Ghafla kila baba wa mtaa wetu wa Mulongwe akataka divani. Kwa wasioijua, ni kitanda chembamba cha sebuleni, cha kujinyoosha mchana baada ya kula. Mzungu alikuwa amejinyoosha vya kutosha, sasa ilikuwa zamu yetu. Baba, karani wa bandarini, alitangaza kwamba muntu aliye huru halali mchana kwenye mkeka.

Akanipeleka kwa Fundi Kashindi, seremala wa kando ya mto, akaniambia, "Weye iko na macho ya kuona makosa. Chagua."

Uani palikuwa na divani tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kale sana: mgongo wa kuchongwa, mikono miwili, miguu kama makucha ya simba, na harufu ya panya. Ya pili ilikuwa ya miaka ya mwisho ya Wazungu, yenye miguu ya chuma iliyotanuka kama mwanambuzi anayejifunza kusimama. Ya tatu fundi alikuwa ndiyo kwanza ameimaliza: mbao nyekundu ya libuyu, bapa, bila mgongo wala mikono, pembe zimenyooka kama daftari jipya. Niliipima kila upande kwa kamba. Nikailalia, nikachuchumaa, nikachungulia chini yake. Fundi Kashindi akamwuliza Baba kama tumekuja kununua divani au kuposa.

Nikachagua mpya. Nilitafuta dosari usiku na mchana, sikuiona.

Kuanzia hapo, kila siku baada ya bugali, Baba alijilaza juu ya uhuru wake akakoroma, nasi tukacheza nje kwa kunyata.

Kisha uasi ukafika. Shule ikafungwa, nami sikurudi tena darasani. Mengine yote nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma chochote kilichopita mbele yangu. Bunduki zikalia milimani, na watu wa Rurambo wakaanza kuteremka na mbuzi wao, watoto mgongoni. Kati yao alikuwa Koko, mama yake Mama. Msimu ule mto Mulongwe ulikuwa umeingia nyumbani kwetu, maji ya matope yakitufika vifundoni, na sisi watoto tulilala juu ya meza. Koko alifika mguu umevimba, anatetemeka kwa homa. Mama akamwonyesha divani.

Koko akabaki mlangoni. Kwetu, mama mkwe hakalii kitanda anacholalia mkwe wake. Hiyo ni aibu isiyofutika, na hakuna ugonjwa unaoipa ruhusa.

"Mama mukwe, hii si kitanda," Baba akasema. "Iko kiti. Kiti murefu."

"Mugongo yake iko wapi?"

"Hii ni ya kisasa."

"Na mikono?"

Baba akanitazama mimi, mchaguzi. Mimi nikatazama maji.

"Mukwe wangu," Koko akasema kwa upole, "alama za godoro ziko ku shavu yako."

Baba akajishika shavu. Koko akakaa kwenye kizingiti, miguu ndani ya maji, akasema, "Minye nitakaa hapa. Nitaangalia samaki wakipita." Meno yake yaligongana alipokuwa akitania. Mama akamvuta Baba pembeni, akanong'ona kwamba Koko akishinda mu maji na homa ile, atatufia mulangoni.

 Baba alinyanyua upande mmoja wa divani, akaniambia, "Shika huko."

Barabarani watu wote walikuwa wanakimbilia mpakani na magodoro na masufuria, sisi tunakwenda upande mwingine na divani kichwani. Mwanamke mmoja mwenye bata kwapani akatuita, "Baba ya watoto, munaipelekea vita kitanda?"

"Iko kiti," Baba akasema, bila kusimama.

Tulimkuta Fundi Kashindi anafunga randa zake ndani ya blanketi.

"Hii iko na shida gani?" akauliza.

"Haina mugongo," nikasema.

"Na siku ile ulikuwa unapima nini?"

 Akatuonyesha ile ya kale. "Muchukue. Minye siwezi kuvuka mupaka na simba."

Ilikuwa nzito kama ng'ombe aliyekataa kutembea. Tuliitua mara nyingi njiani, na kila mara Baba alinikataza kuikalia, naye mwenyewe alisimama. Tulipoiingiza, Koko aliinuka kwa shida, akagusa mgongo wake, akagusa mikono, akainusa.

"Nani alikuwa analala hapa?"

"Muzungu tu, Mama mukwe."

"Na weye?"

"Hata siku moja."

Koko akafikiri. "Huyo Muzungu hakuoa mutoto wangu," akasema, akapandisha mguu wake uliovimba, akalala kabla uji haujaiva.

Homa ilimwachia polepole. Alikaa kwetu mpaka milima iliponyamaza, akarudi Rurambo kwa miguu yake. Miezi yote hiyo Baba alipumzika mchana juu ya meza, miguu ikining'inia, na hatukumsikia akilalamika.

Sasa nimeoa, nami natafuta divani ya nyumbani kwangu. Nimekwisha kuwachosha mafundi wawili kwa maswali. Vijana huchagua ile inayofanana na mapazia, wakamaliza kwa dakika chache, na ninawaonea wivu kidogo. Mama mkwe wangu ni mwanamke wa mjini. Akija, hujitupa kwenye kochi, pale nilipotoka kuinuka, mahali pangali na joto langu, akafungulia redio. Ninampenda, na huwa natoka nje kidogo. Siku hizi mkwe na mama mkwe hupokezana kochi moja, na nyumbani kwetu hakuna anayeona ajabu.