Chupa Niliyoisugua kwa Mchanga

Mke wangu alifariki hospitalini Muyinga siku ile ile aliyozaliwa binti yetu. Ilikuwa asubuhi, na mimi nilikuwa nimetoka kutafuta maji ya moto ya kumwogesha. Niliporudi na ndoo, muuguzi aliniambia niiweke chini. Niliiweka, maji kidogo yakanimwagikia mguuni. Watu huniuliza siku ile nilihisi nini, nami huwaambia nilihisi maji yananiunguza mguu. Hawalipendi jibu hilo, lakini sina jingine.

Wakati huo nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya Muyinga. Nilizaliwa na kukulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, na Kiswahili ndicho kitu pekee cha maana nilichorudi nacho Burundi. Mke wangu alikuwa mwenyeji wa pale pale mjini. Dada yake mkubwa ana kibanda sokoni, anauza vyombo vya plastiki: mabeseni, ndoo, vikombe, na bido, kama wanavyoita hapa madumu ya maji. Mwezi mmoja kabla ya kujifungua, mke wangu alikwenda kwenye kibanda hicho akachagua chupa ya kunyonyeshea, yenye kifuniko cha njano. Mimi nilimcheka. Nilimwambia mwanamke mwenye kifua kama chake anunue chupa ya nini. Alisema ni ya tahadhari tu, maziwa yakichelewa kutoka. Aliitia mwenyewe kwenye mfuko wa hospitali, chini ya nguo za mtoto.

Binti yetu aliinyonya chupa ile kabla hajamaliza siku moja duniani.

Baada ya mazishi niliomba uhamisho, nikampeleka mtoto kwa mama yangu, Ryansoro, upande wa Gitega. Mama analima maharage na mihogo, na jirani yake ana ng'ombe. Mwanzoni tulitumia maziwa ya kopo, baadaye tukahamia ya ng'ombe, yaliyochemshwa na kupunguzwa makali kwa maji. Mama alimbeba mtoto mgongoni mchana kutwa. Kazi yangu ikawa chupa.

Nieleze vizuri habari ya chupa, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya kwa mwaka mzima na ndiyo pekee ninayoikumbuka sawasawa. Muuguzi wa Muyinga alikuwa ameniambia: chupa ya mtoto ni uhai wake au kifo chake, ioshe vizuri, uichemshe. Hakunifafanulia "vizuri" ni vipi, na mimi sikuuliza, kwa sababu katika jambo la kuosha vyombo nilijiona profesa. Kule kambini maji tuliyachota kwa madumu, na dumu likikaa muda linaota utelezi wa kijani ndani, mahali mkono haufiki. Dawa yake ilikuwa mchanga. Unatia mchanga na vijiwe na maji kidogo, unafunga mdomo, unatikisa mpaka bega linauma, unamwaga, unarudia. Watoto wote tuliifanya kazi hiyo, lakini mimi nilisifiwa nayo. Akina mama wa jirani walikuwa wananiletea madumu yao, na mama yangu alijivuna kama nimefaulu mtihani.

Basi chupa ya binti yangu niliiosha hivyo hivyo. Bondeni chini ya nyumba yetu kuna kijito chenye mchanga mwembamba, mweupe. Niliuchota, nikauchekecha kwa kitambaa, nikauchemsha kwanza, maana mimi ni mtu wa usafi. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilitia kijiko kimoja cha mchanga huo ndani ya chupa pamoja na maji, nikatikisa. Kisha kidole kilichofungwa kitambaa, nikasugua kuta za ndani kwa mchanga ule ule. Kisha chupa ikaingia kwenye sufuria, ikachemka mpaka mama aseme, "Baba, hiyo chupa unataka kuila?" Kisha maziwa, yakiwa bado yanatoa mvuke, moja kwa moja ndani, nikaitikisa tena ili yapoe. Jioni nilirudia yote.

Sikuchoka. Naweza kusema nilipenda, kama kulikuwa na kitu nilichokipenda mwaka ule. Darasani nilisimama mbele ya wanafunzi nikasikia sauti yangu ikieleza mambo, nikajiuliza nani anazungumza. Kanisani watu walinishika mkono, nikaurudisha mkono wangu wakimaliza. Lakini nikiwa na chupa nilijua hatua inayofuata.

Shemeji yangu, yule mwenye kibanda, alituma chupa mpya mara kadhaa. Kila akipata mtu anayeshuka Gitega alimpa: moja ya rangi ya waridi, moja yenye picha za sungura, nyingine ndefu. Niliwagawia majirani wenye watoto. Mama aliniuliza kwa nini, nikamjibu kwamba tunayo. Ukweli ni kwamba chupa yetu ilichaguliwa na mama yake mtoto, na sikuona sababu ya mtoto kunyonya kitu kilichochaguliwa na mtu mwingine. Nilizishika sana chupa zile mpya kabla ya kuzigawa. Zilikuwa angavu mno, zilinikera.

Ya kwetu ilianza kubadilika baada ya miezi michache. Kwanza ilipoteza mng'ao. Halafu ikawa na ukungu, halafu nyeupe kabisa, kama jicho la mzee lenye mtoto wa jicho. Mama aliishika siku moja, akaigeuzageuza.

"Mbona imekuwa hivi?"

"Imetakata," nilimwambia.

Mtoto alinenepa. Akaota meno mawili ya chini, akaanza kukaa, akaanza kuvuta nywele za bibi yake. Tumbo halikumsumbua hata siku moja, na hilo nililihesabu kuwa ushindi wangu. Kila mtu Ryansoro alisema yule mwalimu aliyefiwa anamtunza mtoto kuliko wanawake.

Mwaka ulipotimia tulikwenda Muyinga kwa ajili ya kuganduka, siku ambayo ndugu hukutana kuvua msiba. Hotuba zilisemwa, vinywaji vikapita, nami nikasimama nikashukuru watu kwa maneno niliyoyaandika mapema kwenye karatasi. Shemeji alilia kwa sauti. Mimi nilikuwa naangalia kama karatasi imekunjwa vizuri.

Kesho yake, kabla ya kurudi, nilimpitisha mtoto sokoni akamwone mama yake mkubwa kibandani. Shemeji alimpakata, akamsifia mashavu, kisha akaomba chupa ili amnyonyeshe yeye mwenyewe. Nilimpa. Aliipokea, akataka kuitia mdomoni mwa mtoto, halafu akasita. Aliinyanyua kwenye mwanga.

"Shemeji, hii biberoni uliifanya nini?"

"Ni ile ile. Ya mdogo wako."

"Naona iko yake. Mi ndiye nilimuuzisha. Uliisugua na nini?"

Nilimweleza: mchanga, kitambaa, kuchemsha. Nilimweleza kwa urefu, kama mtu anayesubiri kusifiwa. Shemeji aliinua mkono, akatoa rafuni chupa ya aina ile ile, mpya, yenye kifuniko cha njano. Alimwaga maziwa ya chupa yetu, akashika moja mkono huu na nyingine mkono ule, akazipima kama mtu anayechagua parachichi. Akanipa nami nizishike. Ya kwetu ilikuwa nyepesi. Akapitisha ukucha ndani ya mdomo wa chupa yetu, akanionyesha: unga mweupe, kidogo sana, umebaki chini ya ukucha.

"Mana yanje, Mungu wangu," alisema polepole. "Mi nauzisha plastiki miaka yote hii. Najua beseni ikikwaruzwa inatoa unga. Shemeji, na ile yenye ilitoka humu ndani, ilienda wapi?"

Wote wawili tulimtazama mtoto, aliyekuwa amenyoosha mikono akidai chupa yake.

Shemeji alisema alisikia redioni kwamba plastiki huvunjika vipande vidogo ambavyo jicho halivioni, na kwamba wameshavikuta ndani ya watu, kwenye damu, hata kwenye kondo la nyuma la mwanamke mjamzito. Aliposikia hivyo alizima redio, kwa sababu alikuwa amekaa katikati ya mabeseni. Kisha alinyanyuka, akavuka njia hadi kwa mwanamke mwingine anayeuza vyombo vya chuma, mpinzani wake ambaye kwa kawaida hawasalimiani, akarudi na kikombe kidogo cha bati na kijiko. Alivitia kwenye mfuko wangu.

"Mumunyweshe na hii," alisema. "Ile biberoni acha hapa."

Niliiacha. Nilidhani ningehisi kitu nikiiacha, lakini niliiweka tu kwenye meza ya mabeseni nikaondoka.

Mtoto alikikataa kikombe kwa siku tatu. Alikitemea, alikipiga, alilia akitafuta kwa mdomo kitu ambacho hakipo. Mama alimnywesha kijiko kwa kijiko, nusu ikiishia shingoni. Siku ya nne nilimfunga mgongoni mwenyewe, nikashuka naye Gitega mjini hadi kituo cha afya. Nilitaka kujua jambo moja tu: je, nimemdhuru?

Muuguzi alikuwa mwanamume wa umri wangu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alimpima mtoto uzito, akamtazama macho, akambonyeza tumbo, mtoto akacheka.

"Bon, mwalimu. Mtoto anakula?"

"Anakula."

"Anacheza? Analala?"

"Ndiyo. Lakini nataka mpime hiyo plastiki."

"Mashine ya kupima iyo hapa haiko. Na hata ingekuwa iko, dawa ya kuitoa haiko."

"Inafanya nini mwilini?"

Alivua miwani, akaifuta kwa koti. "Bado wanatafuta. Mi siwezi kukudanganya. Lakini usijione we peke yako. Maji tunachota na bido, chumvi iko ndani ya sashe ya plastiki, mama anafunika chungu ya wali na sashe. Hata maziwa ya mama, wanasema inakuwamo. Iko ndani yetu wote, mwalimu."

"Mimi sikuwaoshea wote chupa kwa mchanga," nilimwambia. "Nilimwoshea huyu."

Alivaa tena miwani yake. Mwishowe alisema, "Basi wacha kusugua," kisha akaita mgonjwa mwingine. Sikumlaumu, ndiyo dawa pekee aliyokuwa nayo.

Nilipanda na mtoto hadi nyumbani. Njiani nilikuwa nafikiri juu ya unga ule chini ya ukucha wa shemeji, nikijaribu kukumbuka asubuhi moja, hata moja, ambayo niliharakisha na kusugua kidogo. Sikuikumbuka. Sikuwahi kuharakisha.

Mama alikuwa kwenye jamvi nyuma ya nyumba, anapukuchua maharage. Nilimshusha mtoto, nikakaa, nikamweleza kila kitu: chupa iliisha kwa ndani, iliisha kidogo kidogo kila asubuhi, na kilichoisha alikinywa mtoto, na hakuna anayeweza kukitoa. Nilisema kwa sauti ile ile ninayotumia kuita mahudhurio. Mama aliendelea kupukuchua. Halafu aliuliza, "Si ile chupa aliyoinunua mama yake?"

"Ndiyo."

Alipuliza makapi kiganjani. "Basi, baba. Huyu mtoto hakupata ziwa la mama yake hata tone. Angalau amepata kitu chake."

Najua alitaka kunifariji. Amezika watu wengi, na amejifunza kuokota cha kuokota. Lakini nilisimama nikampigia kelele mama yangu mzazi, mimi ambaye sijawahi kumjibu hata akikosea.

"Hicho si kitu chake! Ni takataka! Nimemlisha mwanangu takataka mwaka mzima, kwa mikono yangu, na mama yake hayupo wa kuniambia acha!"

Maharage yalikuwa yamemwagika, nadhani niliyapiga teke. Mtoto aliogopa akaanza kulia. Nilimsubiri mama anikemee, lakini alimnyanyua mtoto, akanikabidhi, akarudi kuokota maharage yake moja moja.

Nilitia sikio kifuani kwa binti yangu. Sijui nilitarajia kusikia nini. Nilisikia kilio, na chini ya kilio moyo unakwenda mbio, moyo mdogo, na sikuweza kujua kama ndivyo unavyotakiwa kwenda. Nikaogopa. Kwa mwaka mzima sikuwa nimeogopa kitu. Mtu niliyekuwa nikimwogopea alikuwa ameshakufa, nikadhani shughuli hiyo imekwisha. Sasa niliogopa, nikakaa chini na mtoto mapajani. Niliogopa kikohozi cha kesho, homa ya mwakani, ugonjwa wa ukubwani ambao bado hauna jina na ambao nitakuwa nimempa mimi. Nikalia. Mtoto ndiye aliyenyamaza kwanza. Alinikodolea macho, maana alikuwa hajawahi kumwona baba yake hivyo, akanishika pua.