Mtani Wangu, Mkuu wa Shule

Sikumsamehe, na nasema mapema ili mtu asihangaike kutafuta msamaha humu ndani. Namzungumzia aliyekuwa mkuu wangu wa shule hapa Ifakara, wakati mwanangu wa pili akiwa bado ananyonya na wa kwanza ndiyo kwanza anajifunza kufunga vifungo vya shati. Mume wangu yuko kwenye miwa, upande wa Kidatu, anarudi mwisho wa wiki akiwa hoi. Siku nyingine zote nyumba ilikuwa ni mimi, watoto, na dada wa kazi kutoka Kisawasawa, binti mwenye subira kuliko mimi.

Nafundisha hisabati. Nafundisha vizuri, na sitajishusha hapa ili nipendwe. Kwa miaka nilikuwa msaidizi wa taaluma, maana yake mwalimu wa taaluma alikuwa na cheo na mimi nilikuwa na kazi: kupanga ratiba, kusimamia mitihani, kugombana na walimu wasioingia darasani. Mwalimu huyo alipokaribia kustaafu, kila mtu pale shuleni alijua kile kiti ni changu. Mimi nilikitaka kuliko wote. Nilishaanza hata kuangalia lile dirisha lake na kufikiria pazia.

Mama anayenyonyesha ana haki ya kupewa muda kazini amnyonyeshe mwanawe. Kwangu ni mbali, kwa hiyo dada alikuwa akimleta mtoto kwa bodaboda wakati wa mapumziko, nami nikimnyonyesha kwenye stoo ya maabara, nimekalia kreti la soda kati ya chupa za tindikali. Akishiba nafunga blauzi, naingia kidato cha nne. Hakuna kipindi changu hata kimoja kilichochelewa kwa sababu ya ziwa.

Sasa, mkuu alikuwa Mngoni, na mimi ni Mpogoro wa kutoka Mahenge. Sisi ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaachiana haki ya kutaniana bila mtu kununa, na haki hiyo tunayo hadi leo. Mtani akikwambia neno, unacheka na unarudisha. Anayekasirika ndiye asiye na adabu. Ni desturi nzuri, naipenda, nimekulia ndani yake. Ila mtani anapokuwa ndiye bosi wako, yeye anatania na wewe unacheka tu.

Aliitumia kweli kweli. "Pisheni, ng'ombe wa maziwa anapita," alikuwa akisema kila asubuhi nikiingia ofisi ya walimu. Akiona mkoba wangu mkubwa, anauliza kama leo nimebeba mtindi. Wenzangu wanacheka, nami nacheka.

Siku ya kikao cha kutangaza mwalimu mpya wa taaluma nilivaa sketi yangu ya kitenge niliyoshonewa kwa ajili ya Pasaka. Mkuu akasimama, akaniangalia, akasema, "Taaluma tunampa mtu ambaye kifua chake hakina ratiba yake." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Usinune, mtani. Kalee kwanza."

Kiti akapewa mwalimu wa kiume aliyekuja shuleni juzi tu. Na mimi nilicheka. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma: nilicheka, tena kwa sauti, huku maziwa yakinichuruzika na mkoba nimeukumbatia kifuani wasije wakaona.

Haikuishia hapo. Wiki iliyofuata mlinzi alimrudisha dada getini. Alikuwa ameambiwa hii ni shule, siyo kliniki. Nilipokwenda kuuliza, mkuu akanitania tena, na mlango ukafungwa. Kuanzia hapo nilikuwa nakamua maziwa chooni na kuyamwaga, na nyumbani mtoto alikataa chupa, akakataa kikombe, akalia mpaka sauti ikakwaruza. Nikirudi jioni ananipokea bila hata kunyoosha mikono. Nilimchukia yule mtu. Nilimchukia nikichambua mchele, nilimchukia kanisani, nilimchukia nikiandika ubaoni.

Halafu mama yake akafariki.

Nilisikitika kama binadamu. Kabla sijamaliza kusikitika, nikakumbuka kwamba mimi ni mtani, na msibani mtani ndiye mwenye kauli.

Mazishi yalikuwa Mchombe, katikati ya mavuno, mpunga umeanikwa kwenye maturubai hadi ukingoni mwa barabara. Walimu tulikwenda kwa basi. Nilimchukua dada, na nikamchukua mtoto makusudi. Palikuwa na watu wengi: padre, bodi ya shule, afisa elimu mwenyewe amekaa mbele kabisa. Wasifu wa marehemu ukasomwa. Ukasema mama huyu alimlea mwanawe kwa jembe la mkono, akiwa naye mgongoni, akimnyonyesha juu ya dungu alilokalia kulinda mpunga usiliwe na ndege. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mkuu akafuta macho. Mimi nikaanza kujifunga khanga.

Jeneza lilipofika kaburini walinikuta nimekaa juu ya ule udongo uliochimbuliwa, khanga ya marehemu kichwani, jembe lake mapajani. Wanawake wa familia ndio walionipa, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa: mtani anamwigiza marehemu, na mpaka atakaporidhika hakuna anayezikwa. Vicheko vikaanza. Watu walidhani nitaomba kuku.

"Mwanangu!" nikaita kwa sauti ya kizee. "Njoo hapa mbele ya mama yako."

Akaja, suti nyeusi, jasho limemtoka. Alikuwa anatabasamu. Ilimbidi.

"Nilipokunyonyesha kule dunguni, ndege walikula mpunga wangu?"

"Hapana, mama."

"Sikusikii."

"Hawakula, mama."

"Ulipolia njaa, kuna mtu alikufungia geti la shamba?"

Walimu wenzangu walikuwa wa kwanza kuelewa. Kicheko kikaanzia kwao, kikasambaa kwa wengine. Mkuu akamtupia jicho afisa elimu, na afisa elimu alikuwa anacheka kama wengine, ila akimwangalia yeye.

"Hapana, mama," akasema.

"Basi kuna mjukuu wangu amefungiwa geti hapo Ifakara. Na mama yake amenyang'anywa kiti eti kwa sababu ana maziwa. Mimi siingii humu ndani mpaka geti lifunguliwe na kiti kirudi. Sema, watu wakusikie."

Mkuu akainama, akanong'ona, "Mtani, siyo leo. Tafadhali."

"Mtani yupi? Mimi mama yako."

Watu wakapiga vigelegele. Akasimama wima, akasema kwa sauti kwamba geti litafunguliwa Jumatatu na kiti kitarudi muhula ujao. Afisa elimu akaitikia kwa kichwa. Wanaume wakashika kamba za jeneza. Mambo yalikuwa yamekwisha, nilikuwa nimeshinda, na mtu mwema angeshuka pale.

Mimi nikamwita dada aniletee mtoto. Nikafungua blauzi palepale juu ya udongo, mbele ya padre na bodi nzima, nikaanza kunyonyesha. Wanaume wakaweka jeneza chini tena. Jua lilikuwa kali, na kwa upande wa familia hapakuwa na kivuli. Mama yake sikuwa na ugomvi naye, na naamini yeye angenielewa.

Mkuu alisubiri. Alibadilisha mguu, akafuta shingo kwa leso, akasogea. Safari hii hakutania.

"Mwalimu," akasema, "nakuomba. Nimzike mama yangu."

"Mtoto hajashiba," nikamjibu.

Mtoto alikuwa ameshalala. Nikamgeuza taratibu, nikamhamishia ziwa la pili.