Matoka Kando ya Bwawa

Tangu mume wangu Bedan apelekwe kizuizini mwaka wa hamsini na nne, mdogo wake Zacharia hakuwahi kuniletea hata chumvi. Kwa hiyo Ijumaa ile alipobisha mlangoni akiwa na sukari mkononi, nilisimama tu. Sikumpa kiti.

"Shemeji, umekonda," akasema. "Kesho nakupeleka Thika, uione bustani ninayofanyia kazi. Kuna bwawa, kuna mashua, kuna maua ya kila rangi. Mzungu mwenye bustani huwafungulia watu weusi lango mara moja tu kwa mwaka."

"Maua yatanisaidia nini?"

"Kuna mtu atakuja pale. Ametoka kambi ya Bedan juzi. Ana salamu zako."

Hapo alinipata. Miaka mitatu sikuwa nimesikia neno lolote kutoka kwa mume wangu. Zacharia akatoa pasi yangu ya safari mfukoni, tayari imepigwa muhuri. Nikajiuliza mtu anamchukuliaje mwenzake pasi kabla hajamwuliza kama anataka kusafiri.

Tena kesho yake haikuwa siku ya hivihivi. Kwa majuma manne amri ya serikali ya Wazungu ilikuwa imetufungia kijijini, tumezungukwa na handaki, isipokuwa wenye pasi za kazi kama Zacharia, na Jumamosi hiyo ndiyo siku ya kwanza ya sisi wanawake kuvuka kijito kwenda mashambani. Jumatatu kamati ya mashamba ingepita na wapimaji. Kila mtu angeonyesha mpaka wake, uandikwe, na ukishaandikwa ndiyo basi. Shamba letu lilipakana na la Zacharia.

"Idah haji?" nilimwuliza asubuhi tukiwa njiani. Idah ni mke wake.

"Mgongo unamsumbua."

"Jana nilimwona na pipa la maji mgongoni, anapanda mlima kama punda."

"Basi ndiyo maana unamsumbua."

Jambo hilo nililiweka moyoni.

Bustani yenyewe nilikuwa naijua kwa kusikia. Mama yangu alibeba udongo wa bwawa lile mgongoni kabla ya vita vya kwanza vya dunia, na hakuruhusiwa tena kulitazama lilipojaa maji. Sasa mimi nilikuwa nalitazama. Maji yalikuwa yametulia, bata wameshiba, nyasi zimekatwa kama nywele za askari. Watu walitembea polepole, mikono nyuma, wakiogopa kukanyaga pasipotakiwa.

Zacharia alinikalisha kwenye benchi. "Usitoke hapa. Naenda kumtafuta yule mtu."

Aliposema nisitoke, nikajua nitatoka.

Nilifuata ukingo wa bwawa mpaka nikamkuta mfanyakazi mmoja, Mkamba, akimwagilia maji. Jina lake Muthoka. Miguuni pake palikuwa na safu ya maua meupe yenye mistari ya waridi. Yalikuwa matoka.

Kwetu itoka halipandwi kwa urembo. Hupandwa mpakani, mbele ya mashahidi, na hakuna Mkikuyu anayeling'oa na kulala usingizi.

"Haya umeyatoa wapi, baba?"

"Yamekupendeza?" akacheka. "Hata memsahibu ameyasifu. Zacharia aliyaleta kwa gunia akayatupa kwenye shimo la mbolea. Nikasema, huyu ana wazimu, anatupa maua! Nikayapanda mwenyewe. Yeye bado hata hajayaona, siku hizi yuko upande wa mboga."

Niliinama. Udongo wa hapo ni mweusi, lakini shingoni mwa matoka ulikuwa umegandamana udongo mwekundu wa kwetu. Nikaparua kwa vidole, la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilikuwa na kovu, limegawanyika chini kama kitunguu chenye vichwa viwili.

Kovu hilo ni langu. Mwaka nilipomzaa binti yangu Waceke, jembe liliniteleza nikakata itoka la mpakani. Baba mkwe alichinja kondoo, wazee wakala, jambo likasafishwa.

"Nipe hili moja," nikamwambia Muthoka.

"Chukua, mama. Ila usiseme ni mimi, watakuja wote na viondo."

Zacharia alirudi amekunja uso. "Yule mtu hakuja."

"Pole," nikamwambia.

Tulipofika Ruiru, njiani kurudi, alitazama kiondo changu. "Mbona kimekuwa kizito?"

"Majani ya mbuzi."

Jumapili hatukuruhusiwa kwenda shambani. Nililala na kiondo chini ya kitanda, na Zacharia alipobisha kuniuliza kama nina afya, nilijibu bila kufungua.

Jumatatu alisimama mbele ya kamati akaonyesha mti wa muwati, hatua hamsini ndani ya shamba letu. "Mpaka ni pale." Nyuma yake, juu ya mpaka wetu wa zamani, Idah alikuwa amepanda maharagwe Jumamosi ile tukiwa Thika, udongo umelainishwa vizuri. Mgongo wake ulikuwa umepona.

"Mpaka wa wapi usio na matoka?" nikauliza.

"Fuko waliyala," Zacharia akasema. Watu wakacheka.

Nikaliweka itoka langu chini. Mzee Muigai wa kamati akaliinua, akapitisha kidole kwenye kovu. "Kondoo wa hili nilimla mimi," akasema. "Umelitoa wapi, mama?"

"Kazini kwa Zacharia. Yote yako kule, yanapamba bwawa."

Mzee akamgeukia. "Lishike, useme hulijui."

Zacharia akaficha mikono nyuma.

Wakafukua maharagwe. Chini wakakuta vipande vya mizizi ya matoka, shimo baada ya shimo, mstari ulionyooka mpaka kijitoni. Mpimaji akarudisha vigingi kwenye mstari huo. Itoka nililipanda mwenyewe, wote wakitazama.

Yule mtu wa kambi hakuwahi kuwapo. Hilo sijamsamehe, kuliko hata la shamba. Siku hizi Zacharia akipita hunisalimia, "Shemeji, habari?" Nami humjibu njema, kisha nakwenda kutazama kama itoka bado lipo.