Mjane wa Ukurasa wa Mwanzo

Nina kibanda cha steshenari Mbinga mjini, na pembeni natengeneza tovuti za wafanyabiashara wadogo. Basi nilijiona fundi wa kuvuta wateja. Mama mdogo wangu, anayekaanga na kusaga kahawa yake mwenyewe kule Mkumbi, akaniomba nimtengenezee tovuti apate wanunuzi wa Dar es Salaam, aachane na walanguzi. Maneno ya ukurasa wa mwanzo alinipa kwa mdomo: kahawa anaichuma ikiwa nyekundu tupu, anaianika mwenyewe, mume wake yuko machimboni, karibuni sana.

Nikaona yamepooza. Mteja wa mjini lazima aguswe moyo kabla hajahamia kwingine, ndivyo nilivyokuwa nikiwahubiria watu. Nikaandika kwa herufi kubwa: "Kahawa ya Mjane wa Mkumbi." Mume alikuwa na mwaka wa pili hajarudi, simu yake inapatikana kwa bahati, nami nikajiambia tofauti si kubwa. Sijui ufedhuli ule niliutoa wapi. Macho ya mama mdogo hayawezi herufi za simu, kwa hiyo nilimsomea. Nilipofika kwenye lile neno nikaliruka. Akafurahi, akanifungia na maharage ya kupeleka nyumbani.

Oda zikaja kweli, na mimi nikatamba mjini mwezi mzima.

Jumamosi moja nilikuwa kwake nikipiga picha za vifungashio vipya. Gari ya kukodi ikasimama, wakashuka wakwe zake kutoka Ngumbo, kanga viunoni, wamebeba unga na usipa, wale dagaa wakavu wa ziwani. Walikuja kama watu wanavyokwenda msibani. Mama mkwe wake, bibi kizee, alikuwa ameshikiliwa na mabinti zake huku na huku. Alilia njia nzima mpaka sauti ikakauka. Mjukuu mmoja alikuwa ameuona ukurasa wangu. Wakampigia mume, hapatikani. Mama mdogo hawakumpigia. Kwetu kifo cha mtoto wako huulizi kwenye simu, unafunga kanga unakwenda.

"Mwanangu mmemzika wapi?" bibi akauliza.

Mama mdogo akapiga magoti. "Shikamoo mama. Mwanao yuko hai."

Wifi yake akatoa simu, akamsomea kile kichwa cha ukurasa neno kwa neno. Mama mdogo akanitazama mara moja tu. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, na nilijua, lakini nikajikausha kama mpita njia, nikawa napangusa kamera.

"Niliandikisha mimi, mama," akasema. "Nilitaka wateja. Nisamehe."

Alasiri simu ya mume ikapatikana. Bibi akaisikia sauti ya mwanawe, akalia upya, safari hii kwa furaha. Chakula hawakugusa. Wakati wa kuondoka wifi yake akamwambia mlangoni kwamba mwanamke anayemuua mume kwa ajili ya biashara, siku moja atamuua kweli. Nalo hilo nililisikia, nikainamia kamera yangu. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo nilivyofanya.

Gari ilipoondoka nikaanza kubabaika na samahani zangu, nikalifuta lile neno palepale mbele yake. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Aliendelea kukusanya unga uliomwagika uani wakwe walipokuwa wakishusha mizigo, kisha akaniuliza, taratibu tu, "Mwanangu, kuna kingine ulichoandika hukunisomea?"

Nikamwambia hakuna.

Kilikuwepo. Chini ya picha yake niliandika kwamba ni mama wa kijijini asiyejua kusoma wala kuandika, yeye aliyenifundisha mimi a, e, i, o, u, akichora kwa kijiti kwenye ua ule ule tuliokuwa tumesimama.