Fundi wa Vipima Upepo

Fundi wa matairi humwita kila mteja shemeji, na kila akiniita hivyo mimi hujipapasa mfukoni. Nilimpelekea gari letu la safari, lile lenye vitanda na jiko ndani, anifungie vipima upepo vya matairi, vile vinavyomwonyesha dereva kwenye skrini ndogo kama upepo umepungua. Vipo vya kukaa ndani ya tairi na vya kukaza juu ya valvu kama kizibo. Akanichagulia vya nje kabla sijamaliza kuuliza, kiganja chake kipana kikifunika maandishi ya boksi. Huongea taratibu, kama anayembembeleza mtoto, na kila kizibo akishakikaza hukipangusa kwa kidole gumba. "Skrini ikiwaka kijani, wewe kanyaga tu, shemeji. Hii haidanganyi." Wanangu wakapanda. Wakati nawasha gari, naye akawasha lake lililokuwa kando. Skrini kama yetu, kijani kitupu. Lakini akashuka, akalizunguka na mpini wa nyundo, akigonga tairi moja moja na kutega sikio, kisha akachuchumaa, akapaka mate kwenye valvu, akangoja kuona kama yatatoa povu. Nikateremsha kioo.

"Si umesema haidanganyi?"

Hakugeuka. "Shemeji, humu wanapanda watoto wangu."