Mpira Uliogusa Chokaa ya Beni

Sijawahi kumwamini Champion. Naandika hili mapema kwa sababu katika klabu yetu ya tenisi hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, wapo wanaodhani nilimtetea, na wapo wanaodhani alinipa kitu.

Nilimjua kwanza redioni, nikiwa bado shuleni. Alikuwa mtoto wa Butembo pekee niliyewahi kusikia kwamba analipwa kucheza tenisi: Kampala, Kigali, Lubumbashi. Kila habari yake ilikuwa na mkia. Ameshinda, lakini amevunja raketi kwenye kiti cha mwamuzi. Amefika fainali, lakini amekataa kumpa mwenzake mkono. Amefungiwa. Amefunguliwa. Amemtukana kiongozi mmoja mbele ya mkewe. Halafu ikaja ile mechi ya Kampala, aliyopoteza kwa kijana asiyejulikana, baada ya kuonekana hotelini akinywa chai na watu wa kamari. Hakuna aliyethibitisha lolote. Alifungiwa hata hivyo, akarudi nyumbani na begi la raketi, akaanza kuuza vipuri vya pikipiki katika duka la shemeji yake. Watu walimwita Champion, kwa namna ile ya kumwita mtu mfupi Mrefu.

Mimi ni mwamuzi. Hakuna aliyenifundisha. Nilipakua kanuni kwa Kifaransa kwenye simu, nikazisoma mpaka nikaanza kuziota, na video nilizitazama bila sauti ili kutunza chaji. Nikicheza, mipira yangu inaishia kwenye wavu. Nikikaa juu ya kiti cha mwamuzi, natulia. Lakini nikikosea mstari mmoja Jumapili, wiki nzima ninaurudia kichwani. Mama anasema nitazeeka kabla yake.

Mwaka jana kamati ya klabu ilikubali kumpa Champion mechi moja ya majaribio, dhidi ya mchezaji bora wa Beni, mji jirani, huko huko Beni. Akiimaliza bila aibu, angeruhusiwa kuchezea klabu tena na kufundisha vijana. Ikionekana dalili yoyote ya kuuza mechi, mlango ungefungwa moja kwa moja, na klabu nyingine zingeambiwa. Watu wa Beni walikubali niwe mwamuzi kwa sababu mara ya mwisho nilikuwa nimeiadhibu klabu yangu mwenyewe.

Tuliondoka asubuhi mapema, ili tuweze kurudi barabara ikiwa bado ina watu, kwani usiku si salama. Ndani ya basi dogo mhazini wetu, mzee anayeagiza vigae kutoka China, alianza kumchokoza.

“Champion, leo unacheza ao unauzisha?”

“Papa, sema bei yako, nikuuzishie weye kwanza.”

Basi zima lilicheka. Mimi nilimtazama usoni nikitafuta kama mzaha ule ulikuwa na kitu chini yake.

Tulipofika Beni, joto lilitupokea kama kawaida, nasi watu wa baridi ya milimani tukaanza kuvua makoti. Champion hakwenda kupasha mwili moto. Alikwenda nyuma ya lori lililoegeshwa nje ya uwanja, akasimama na mfanyabiashara wa kakao ambaye kila mtu anajua kwamba hucheza kamari ya mechi. Walizungumza wakiwa wameinamisha vichwa. Aliporudi alinikuta namwangalia. Akanisalimia kwa heshima kubwa kuliko kawaida yake, na mimi nikaiweka heshima hiyo kando ya lile lori.

Sasa lazima nieleze mistari. Uwanja wetu wa Butembo una mistari ya tairi: vipande vya tairi kuukuu vilivyopakwa rangi nyeupe na kupigiliwa kwenye udongo mwekundu. Mpira ukiugusa mstari, unateleza na kutoa mlio mkavu. Sisi wote tumekulia hapo. Uwanja wa Beni hauna tairi. Asubuhi ya mechi wanamwaga chokaa kwa kopo lenye tundu, wakifuata kamba. Niliiona chokaa hiyo. Nilifikiri tu kwamba ni nzuri, ni nyeupe sana.

Walicheza sawasawa, seti moja huku, seti moja kule. Katika seti ya tatu Champion alifikia pointi ya kumaliza mechi. Mwenzake alipiga mpira mrefu kuelekea mstari wa pembeni. Champion aliukimbilia, kisha akauacha upite. Mpira ulianguka. Mlio haukuwepo. Nikatangaza kwamba umetoka.

Watu wa Butembo walikuwa tayari wamesimama na kupiga makofi. Yeye hakuinua mikono. Alikwenda mpaka pale mpira ulipoanguka, akatazama chini, akanigeukia na kuniita kwa Kifaransa, kama mtu anavyomwita msichana mdogo.

“Petite, shuka kidogo. Hii mupira ilikuwa ndani. Angalia chokaa.”

“Haikulia!” mhazini alisema kutoka kwenye benchi. “Mupira haikulia, sisi bote tumesikia.”

Mama mmoja wa Beni, aliyekuwa akiuza karanga kando ya uzio, aliangua kicheko. “Kumbe batu ba Butembo munaonaka na masikio?”

Nilishuka. Mstari ulikuwa umekatika kidogo, lakini kiatu cha Champion kilikuwa karibu mno na pale ulipokatika. Alikuwa amefika kabla yangu. Nilijiuliza kama ni mpira uliokata chokaa, au ni yeye aliyeigusa kwa kidole cha kiatu mgongo wake ukiwa kwetu. Sikuwa na njia ya kujua, na kanuni zinamruhusu mchezaji kumpa mwenzake pointi. Nikabadilisha uamuzi. Kutoka hapo alianza kupiga nje mipira ambayo ningeirudisha hata mimi, na akaanzisha mpira vibaya mara kwa mara. Akapoteza mechi. Alimpa mwenzake mkono, akafunga begi, hakuvunja kitu. Mtu aliyekuwa akivunja raketi kwa pointi ndogo sasa anapoteza mechi nzima kwa utulivu wa padri: hilo ndilo lililonitia shaka zaidi.

Mhazini alikwenda sokoni kununua mchele kabla ya safari ya kurudi, nasi tukabaki tunamsubiri. Sikuweza kukaa. Nilirudi uwanjani peke yangu na mpira mmoja, nikaanza kuupiga kwenye chokaa ya upande wa pili. Kila mara mpira ulikata mstari kwa wembamba na kutupa unga mbele, kama mkia. Kisha nikakokota kiatu changu juu ya mstari: unga ulilala, ukapanuka, hakukuwa na mkia. Nikaenda kwenye ile alama yake. Mahali pale hapakuwa pamekanyagwa tena. Alama ilikuwa nyembamba, na mkia wake ulielekea kwenye uzio.

Mpira ulikuwa ndani. Masikio yetu yote yalikuwa yamezoea tairi.

Sikumwambia mtu ndani ya basi. Safari nzima hakuna aliyemsemesha Champion, na kukaa upande wa walio wengi kulikuwa na raha yake. Nakiri kwamba niliipenda. Kama angekuwa na hatia, basi miaka yangu yote ya kumshuku ingekuwa kazi nzuri.

Kamati ilikutana katika ghala la rais wa klabu, kati ya katoni za vigae na masufuria. Champion alisubiri nje, dirisha likiwa wazi. Mhazini alizungumza kwanza, akataja lori, mfanyabiashara wa kakao, mpira ambao haukulia. Kisha wakanigeukia.

Nilieleza habari ya chokaa na mkia wa unga. Nilieleza taratibu, nikirudi nyuma kusahihisha maneno yangu, mpaka rais akaniomba nifupishe.

“Ile mupira ilikuwa ndani,” nilisema. “Miye njo nilikosea.”

“Na zingine, zenye alipiga nje?” mhazini aliuliza. “Aliuzisha match ao hapana?”

“Sijui, papa.”

“Lakini weye unamwamini?”

Dirisha lilikuwa wazi. Nilijua anasikia.

“Hapana.”

Rais aliwatazama wenzake. “Kwa hiyo tunamufunga juu ya mupira yenye ilikuwa ndani?” Mhazini alisema kwamba yeye hajashawishika, lakini hakutaka kuwa wa kwanza kuinua mkono. Mwishowe walimruhusu kucheza. Kufundisha vijana hawakumruhusu, hilo walisema wataliangalia baadaye.

Hajawahi kunishukuru, na mimi sijawahi kumuuliza habari ya lori, kwa sababu jibu lolote atakalotoa nitalishuku. Mwezi uliopita tulipangiwa kucheza Kirumba, mji mdogo kusini mwetu, nikasikia kwamba ameomba mimi niwe mwamuzi. Nilikwenda dukani kwake kumuuliza sababu. Alikuwa akipima mnyororo wa pikipiki ya mteja, hakuinua kichwa.

“Bengine bananipenda ao bananichukia,” alisema. “Weye unaangaliaka chini, kwenye chokaa.”

Nilisema asante, nikatoka. Nilipofika kwenye mteremko wa kwetu nilikuwa tayari najiuliza alitaka kununua nini kwa maneno hayo.