Mbuzi wa Rubani

"Kuchinja Mbuzi Bila Kibali." Hicho ndicho kilichokuwa kichwa cha kesi ya Baba Mdogo Njoroge, na ukikisikia hivyo utadhani ni jambo la faini na kukemewa kidogo. Lakini nilipokuwa mtoto kule Gatuanyaga, miaka ya hali ya hatari, serikali iliamini kwamba Mkikuyu akishika mbuzi na kisu, basi ni kiapo cha waasi wa msituni.

Asubuhi moja nilikuwa nikipalilia maharagwe na Baba Mdogo na Cucu, mama yake baba. Ndege za jeshi zilizoea kufanyia mazoezi juu yetu, zikishuka na kupanda kama ndama waliofunguliwa. Moja ikashuka, haikupanda. Ardhi ikaruka. Baba Mdogo akatupa jembe, akakimbilia moshi.

"Njoroge, usimguse huyo rubani!" Cucu alipiga kelele. "Akikufia mikononi utabeba thahu!"

Thahu ni mkosi wa aliyegusa maiti. Asipotakaswa kwa mbuzi, naye hufuata. Tulikuwa watu wa kanisa, lakini habari za maiti Cucu hakumwachia mchungaji.

"Yuko hai, maitu!" Baba Mdogo alimjibu mama yake.

Alirudi mikono imeungua. "Ni kitoto tu, maitu. Hata ndevu hana. Alinishika kidole, akakataa kuachilia mpaka mwisho."

Cucu akaenda ofisini kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kuomba kibali cha kuchinja. Karani, mtu wa kwetu mwenye soksi hadi magotini, alicheka.

"Cucu, ndege ya serikali ina thahu gani?"

"Ndege haina. Mwanangu anayo."

"Rudi wiki ijayo."

Hakurudi. Mganga alimchinja mbuzi, Baba Mdogo akapiga magoti aonje taka za tumbo lake na kuutema mkosi. Magadi, wale walinzi wa serikali, walifika kabla hajatema hata mara moja.

Hakimu, mtu mpole mwenye mafua, alisoma taarifa ya jeshi: rubani alikufa papo hapo, hakuna raia aliyemkaribia. Basi hakuna maiti aliyeguswa. Pasipo maiti hakuna thahu. Pasipo thahu, mbuzi ni wa kiapo. Na mikono iliyoungua? Moto wa kuchomea nyama. Nimesoma mantiki chuoni, na bado sijakutana na hoja iliyofungwa vizuri kama ile.

Baba Mdogo alifia kizuizini, kwa homa ya matumbo. Cucu alisema ni thahu, akasema hivyo mpaka naye akazikwa. Zamani nilimbishia, kwa elimu yangu. Siku hizi sibishi. Alichosema ni kwamba mtu akiachwa na kifo cha mwenzake mikononi, akanyimwa wa kumtua mzigo huo, utamuua.

Rubani hakufa papo hapo. Baba Mdogo alimtoa motoni, akampakata, akakaa naye mpaka akakata roho.